Njano ya Njia ya Saba

Mtu akikuambia kazi yake ni kutazama tu, usimwonee wivu kabla hujajua anatazama nini.

Mzee Stika alikuwa mkaguzi wa rafu. Kila asubuhi alivaa kizibao chake cha kung'aa, akachukua tochi, rula ndefu ya chuma na bunda la stika za rangi tatu, akaingia ghalani. Usifikirie rafu za dukani za kupangia sabuni. Hizi zilipanda mpaka karibu na paa, zimebeba paleti juu ya paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo: mapipa ya gundi, karatasi, vigae, mashine ambazo hata mwenye ghala hakujua za kazi gani. Nguzo zilizobeba mizigo yote hiyo ni bati nene lililokunjwa, wazi upande mmoja, si chuma kizima kama watu wanavyodhani. Foko ikiigonga, yaani kile kigari cha kunyanyulia mizigo chenye vidole viwili mbele, nguzo inabonyea. Ikishabonyea haikutajii siku ya kuanguka. Inaendelea kubeba kimya kimya, na mtu anayepita chini yake anaendelea kupiga soga.

Mzee aliegemeza rula kwenye nguzo, akamulika tochi kwa nyuma, akatazama mwanga unaopenya. Usipopenya, stika ya kijani. Ukipenya kiasi cha kuingiza ukucha, njano. Ukipenya kiasi cha kuingiza kidole, nyekundu. Nyekundu maana yake shusheni kila kitu sasa hivi na mfunge. Njano ni ya upole zaidi: mzigo uliopo ubaki, lakini ukishaondoka wote usipandishwe mwingine mpaka nguzo ibadilishwe.

Hapo kwenye "ukishaondoka wote" ndipo watu wa ghala walipoonyesha akili zao. Rafu yenye njano hawakuiacha iishe. Wakitoa paleti moja, wanapandisha nyingine kabla ya kutoa ya pili, kama mama anayeongeza maji kwenye chungu kabla hakijakauka. Ukiwauliza, wanakuapia: "Mzee, hii haijawahi kuwa tupu. Sheria inasema ikiwa tupu." Na kweli haikuwahi. Kulikuwa na rafu zenye njano ambazo hazikuonja utupu tangu siku zilipogongwa.

Kulikuwa na sharti la pili. Njano ikikaa sana bila matengenezo inageuka nyekundu yenyewe. Dawa ya hilo aliijua Mzee Stika peke yake, maana ndiye aliyeipika. Alibandika njano mpya yenye tarehe mpya juu ya ile ya zamani. Kuna nguzo ambazo stika zake zilikuwa zimenenepa mpaka zinashikika kama kadi ya karata. Nyingine hata hazikustahili njano. Alizijua zote.

Sasa usimrukie kumhukumu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mzee huyu alikuwa na kamba miguu yote miwili. Ujana wake aliumaliza juu ya foko, akirushwarushwa kwenye sakafu yenye mashimo mpaka mgongo ukasema basi. Mkewe alipofariki, kodi ya nyumba ikamshinda, na dada yake akamwita: "Kaka, njooni mkae kwetu. Vyumba vya uani viko vitupu." Akahamia na binti yake. Na mume wa dada, shemeji yake, ndiye aliyekuwa meneja wa ghala. Ndiye aliyemtafutia kazi ya ukaguzi isiyohitaji mgongo. Kwa hiyo mchana mzee alikagua rafu za shemeji, jioni akala chakula cha shemeji, usiku akalala chini ya bati la shemeji. Mtu wa namna hiyo anajifunza kupenda rangi ya njano. Kijani ni uongo mtupu. Nyekundu ni ugomvi. Njano inamwachia kila mtu heshima yake.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," alikuwa akijiambia, huku akibandika.

Shemeji mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkaba mzee zaidi. Angekuwa mkorofi, angemchukia akapumzika. Lakini alikuwa mtu wa kucheka, mtu wa kukuuliza mgongo umeamkaje, mtu anayekumegea kipande kikubwa cha nyama bila kuombwa. Ghalani alimwita "mkaguzi wangu". Nyumbani alimwita "shemeji yangu". Siku moja mezani, akiwa na furaha zake, akasema: "Na huyu binti atakaa nyumbani mpaka lini? Jumatatu aje. Nina nafasi kwenye timu ya oda."

Binti alimrukia shangazi yake kwa shangwe. Mzee akasema, "Asante sana, shemeji." Chakula kilikuwa kitamu siku hiyo, lakini hakikumshuka.

Timu ya oda ni wanawake wanaotembea kwa miguu katikati ya rafu, wakichukua bidhaa za ngazi ya chini na kuzipanga kwenye mikokoteni. Walikuwa wanane, na binti akawa wa tisa. Na timu ya oda ilifanya kazi njia ya saba, chini ya vigae.

Njia ya saba mzee aliijua kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Katikati yake kulikuwa na nguzo iliyogongwa na dereva mmoja wanayemwita Breki, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuzikanyaga. Breki aliogopa kufukuzwa. Akaja na nyundo wakati wa mapumziko, akainyoosha nguzo kwa kuigonga kwa ndani, akaipaka rangi ya bluu vizuri kabisa. Ukiitazama, unasema hii imetoka kiwandani jana. Kumbe bati lililokunjwa likanyooshwa limechoka mara mbili, kama waya unaoupinda na kuupindua mpaka unakatika. Rula haikuonyesha mwanga. Mzee alijua kwa kupitisha kidole tu na kusikia mawimbi chini ya rangi. Kwa haki ilikuwa nyekundu. Akaipa njano, na akairudia njano kila ilipohitajika.

Jumatatu ile binti akaingia njia ya saba na kizibao kipya kilichompwaya. Mzee akasimama mbali akijifanya anahesabu pini za boriti, vile vyuma vya kulala vinavyobeba paleti. Binti akainama chini ya nguzo ile ile kuchukua katoni, akacheka na mwenzake, akapunga mkono. "Baba!" Jasho likamtoka mzee mgongoni, na ghala lile lina baridi.

Jioni akamvuta binti uani.

"Mama, omba wakuhamishie pengine. Sema kifua kinakubana na vumbi."

"Kifua changu kizima, baba. Kuna nini?"

"Pale juu hapako sawa."

Binti akamtazama. "Hapako sawa na wewe ndiye mkaguzi? Na nikihama mimi, si anaingia mwingine?"

Mzee akajifanya anakohoa, akaingia chumbani.

Wiki hiyo hiyo likaja kontena la vigae. Vigae ni mzigo usio na huruma, paleti moja ina uzito wa gari dogo. Meneja akaagiza vipandishwe njia ya saba, ngazi za juu, palipokuwa na nafasi. Mzee alisikia habari akiwa anakunywa chai. Akaacha kikombe. Akaenda mpaka kwenye ile nguzo, akabandua tabaka zote za njano kwa ukucha, na mahali pake akabandika nyekundu. Halafu akabandika nyekundu ya pili, asije mtu akasema hakuiona.

Meneja alikuja mwenyewe, anatabasamu.

"Mkaguzi wangu, umechanganya bunda leo?"

"Sikuchanganya."

"Wiki iliyopita njano. Leo nyekundu. Nguzo imefanya nini hapo katikati? Imeugua malaria?" Watu wawili watatu wakacheka. Meneja akamsogelea, sauti ikashuka. "Shemeji, mwenye vigae anasubiri simu yangu. Rudisha njano. Tukimaliza kupandisha nitaita mafundi, nakuapia."

"Umeniapia mara ngapi?"

Meneja akanyoosha mkono, akaibandua nyekundu ya kwanza, akaibandua ya pili, akazikunja akazitia mfukoni. Akatoka mpaka mdomoni mwa njia, mzee nyuma yake, akamgeukia Breki aliyekuwa juu ya foko na paleti ya vigae tayari kwenye vidole. "Pandisha."

Sasa, ghala lile lilikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa bila mjadala: foko haiingii njia yenye mtu. Zamani kuna kijana alikanyagwa, wenye kampuni wakaja na wakili, na tangu siku ile mdomoni mwa kila njia kulifungwa mnyororo na kamera juu yake. Wanawake wa oda wakiwa ndani, foko inasubiri nje. Foko ikiwa ndani, wanawake wanasubiri nje. Hata meneja hakuthubutu kuivunja.

Mzee Stika akakiona kiti cha plastiki cha mlinzi. Akakichukua, akavuka mnyororo, akatembea na mgongo wake ule mbovu mpaka kwenye ile nguzo, akakiweka chini, akakaa.

Breki akazima injini. Meneja akacheka, kisha akaacha kucheka.

Hapo ndipo mzee alipogundua alichojifanyia. Akikaa, Breki hawezi kupandisha. Vizuri. Lakini akikaa, Breki hawezi kushusha pia, maana foko ni ile ile na sheria ni ile ile. Akitoka ili washushe, watapandisha. Asipotoka, ule mzigo uliokwisha kuwa juu unabaki juu, na yeye yuko chini yake. Alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake mwenyewe, na mlango huo ndio pekee aliokuwa nao. Aliinua macho akaona migongo ya paleti, ngazi juu ya ngazi, na taa ndogo ya paa kwa mbali. Aliogopa.

"Shemeji, toka," meneja akaita kutoka mdomoni mwa njia. "Unanitia aibu."

"Shusheni vilivyopo."

"Toka kwanza tushushe."

"Nikitoka mtapandisha."

"Huniamini?"

Lilikuwa swali la nyumbani, la mezani, la mtu aliyekupa kitanda. Mzee akauliza: "Nguzo ni nzima, sivyo?"

"Nzima kabisa! Nimesema."

"Basi njoo tuzungumze hapa. Tusipigizane kelele kama watu wa mnadani. Njoo ukae hapa na mimi."

Meneja akaushika mnyororo. Timu nzima ya oda ilikuwa imesimama nyuma yake, na vijana wa kupakua, na mlinzi anayedai kiti chake. Wote walikuwa wanatazama kiatu cha meneja. Kiatu kilinyanyuka kidogo, kikarudi palepale.

"Nina simu ya kupokea," meneja akasema. Simu haikuwa imelia.

Mama mmoja wa timu ya oda, mama wa mapacha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua kuni, akasema kwa nguvu ili mzee asikie: "Kumbe ni mbovu. Na sisi tuliokuwa chini yake miezi yote hii? Ilikuwa njano tu, eti mzee? Mpaka alipokuja mwanao?"

Maneno hayo yalimfikia mzee pale alipo, akatamani vigae vimwangukie. Mama Pacha alikuwa amesema kweli neno kwa neno.

Saa zikapita. Mgongo ukaanza kumchoma. Akataka maji, akataka choo, akataka zaidi ya yote mtu mwingine aje aamue badala yake. Kisha akasikia hatua nyepesi. Akageuka. Binti yake alikuwa amevuka mnyororo na anakuja moja kwa moja.

"Rudi!"

"Sirudi."

"Rudi, nimesema! Mimi ni baba yako!"

Binti akafika, akaketi sakafuni kando ya kiti, akaegemea ile nguzo. Aliiegemea kwa mgongo, kama mtu aliyeegemea ukuta wa kwao. Mzee alihisi roho inamtoka.

"Usiiguse," akasema kwa mnong'ono. "Mama, tafadhali, usiiguse."

"Ukitoka na mimi natoka. Ukikaa nakaa."

Basi mzee akashindwa. Alinyanyuka, akamshika binti mkono, wakatembea taratibu mpaka nje, na nyuma yao kiti cha mlinzi kikabaki peke yake. Alipovuka mnyororo hakumtazama mtu. Alisikia injini ya foko inawashwa, akafumba macho.

Alipoyafumbua, Breki alikuwa anaingia njia ya saba, na vidole vya foko vilikuwa vitupu. Paleti ya vigae ilikuwa imeachwa chini, nje. Breki aliyeipinda nguzo ile, aliyeinyoosha kwa nyundo na kuipaka rangi, aliinua vidole polepole kuliko alivyowahi kuinua kitu maishani mwake, akaanza kushusha. Meneja alimwita kwa jina la kazi, kisha kwa jina la mama yake. Breki hakugeuka. Paleti ya pili ilipotoka juu, nguzo ililia, sauti kavu kama kiungo cha mzee, na pini moja ya boriti ikadondoka sakafuni ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha meneja. Watu wote wakarudi nyuma hatua moja, meneja naye.

Mpaka jioni rafu ile ikawa tupu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu igongwe.

Nyumbani, mzee alifunga mabegi yake mawili kabla hajaambiwa. Dada yake akayafungua. "Nani kakuambia uondoke?" Alikuwa amelia, kope zimevimba. Meneja akaja uani mwenyewe, amevaa kanzu ya kulalia, akaketi kwenye kizingiti. Mzee akasubiri kusikia fadhila za punda na mateke yake. Hakuzisikia.

"Umenitisha leo," meneja akasema. "Sikulaumu. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Ungeniambia tu, kwa nini tuchekwe na watu?" Akapangusa uso. "Binti nimempa meza ya mapokezi, ofisini. Kesho anaanza. Atapokea simu, kuna feni, hakuna cha kumwangukia. Umeridhika?"

Mzee akamtazama binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na furaha anayojaribu kuificha. Akamtazama dada yake anayekunja mashati yake na kuyarudisha kabatini. Kila mtu alikuwa anamsubiri.

"Na timu ya oda?"

"Wanahamia njia ya tisa, ile ya ukutani. Wewe mwenyewe umeipitisha." Shemeji akamgusa goti kwa upole. "Pita ule, chakula kinapoa."

Mzee akasema, "Asante, shemeji." Akapita, akala.

Asubuhi alishika tochi, rula na bunda la stika, akaenda njia ya tisa. Nguzo za ukutani zilikuwa na njano zake, nene, tarehe juu ya tarehe. Hakuhitaji rula kujua kwamba zilistahili nyekundu. Chini yake wanawake wanane walikuwa tayari wanapakia mikokoteni. Huko ofisini, nyuma ya kioo, binti yake alikuwa anajifunza kushika simu, na alipomwona akampungia mkono.

Mama Pacha akanyoosha mgongo, akajifuta mikono kwenye kizibao. Safari hii hakupaza sauti, wala hakumkejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ratiba.

"Mzee, na huku kwetu utakuja kukaa lini?"

Mzee Stika akatazama juu. Mdomoni mwa njia foko ya Breki ilikuwa inasubiri wanawake watoke, imebeba vigae vya jana. Akatafuta kiti. Viti vyote vilikuwa vimeondolewa ghalani alfajiri, kwa amri ya meneja.

"Tokeni nyote," akawaambia wanawake.

Wakatoka. Yeye akashika boriti ya chini, akainama polepole kwa ajili ya mgongo, akaketi sakafuni.